Mfinyanzi Aliyekataa Kupika Data

Wanachuo wenzangu, kupika data tunakujua. Jaribio likikataa maabara, mtu anarudi hosteli, anatafuta jibu la kitabuni, halafu anatengeneza namba za kumfikisha pale. Ripoti inapendeza, maksi zinaingia. Mimi nasomea ualimu, na jambo hili linanisumbua kwa sababu kesho tutasimama mbele ya watoto wa watu kuwafundisha sayansi. Ndiyo maana nawaletea habari za Josiah Wedgwood, mfinyanzi wa Uingereza wa karne ya 18.

Alizaliwa mwaka 1730 huko Burslem, Staffordshire, kitinda mimba katika ukoo wa wafinyanzi. Baba yake alifariki mwaka 1739 na shule ikaishia hapo. Mtoto wa miaka tisa akaenda kufanya kazi kwa kaka yake. Baadaye akaugua ndui. Alipona, lakini goti la kulia lilibaki bovu, na gurudumu la mfinyanzi lilihitaji mguu wa kulikanyaga. Kijana akahamia kwenye maswali: udongo huu ukichomwa unakuwaje? Ukichanganywa na unga wa gumegume je?

Mwaka 1759 alianza daftari la majaribio, na mwaka huohuo akaanza kujitegemea. Kila mchanganyiko aliupa namba, akaandika kilichomo kwa alama za siri ili washindani wasimwibie, na hata mahali kipande kilipowekwa ndani ya tanuri. Vilivyopasuka na vilivyovimba navyo aliviandika. Fikiria, jamaa alikuwa mfanyabiashara, hakuna mhadhiri wa kumsahihishia. Lakini angejidanganya kwenye daftari, tanuri lingemuumbua.

Matunda yalionekana. Vyombo vyake vya rangi ya maziwa vilimpendeza Malkia Charlotte, na Catherine wa Urusi akaagiza seti ya vipande 952, iliyokamilika mwaka 1774. Katikati ya mafanikio hayo, mwaka 1768, mguu ule mbovu ulikatwa, enzi ambazo nusukaputi haikuwepo. Mwaka uliofuata akafungua kiwanda kikubwa alichokiita Etruria. Hapo, baada ya maelfu ya majaribio, alipata udongo mpya wenye madini ya bariamu, ulioiva kwa rangi yake wenyewe bila kupakwa kitu juu. Aliuita jasper. Mwaka 1787 aliutumia kutengeneza nishani za mtumwa aliyepiga magoti na minyororo mikononi, akazigawa bure kuunga mkono kampeni ya kukomesha biashara ya watumwa.

Ila mimi kinachonivutia zaidi ni kipimajoto chake. Wafinyanzi walikadiria moto kwa kutazama rangi yake tu, na zebaki ya kwenye kipimajoto cha kawaida huchemka mapema mno kwa joto la tanuri. Wedgwood alijua kwamba udongo ukichomwa husinyaa. Akatengeneza vipande vidogo vya ukubwa mmoja, akavichoma pamoja na vyombo, kisha akavitelezesha katikati ya pau mbili za shaba zinazokaribiana polepole. Kipande kilichosinyaa zaidi kilifika mbali zaidi, na hapo ndipo alisoma joto. Mwaka 1782 alipeleka maelezo yake Royal Society, na mwaka 1783 wakamfanya mwanachama.

Sasa sikieni: namba zake zilikuwa mbovu. Alidhani udongo husinyaa sawasawa kadiri joto linavyopanda, kumbe sivyo. Kwa hesabu yake, chuma cha kusubu kilihitaji karibu nyuzi 10,000 za Selsiasi ili kiyeyuke. Ukweli ni kama 1,200. Kosa kubwa hilo! Lakini kwa kuwa alieleza wazi udongo gani, vipimo gani na hesabu gani, waliomfuata waliweza kuona alipoteleza na kumsahihisha. Wazo lenyewe halikufa. Mpaka leo kuna viwanda vya kauri vinavyoweka tanurini pete za udongo na kupima zilivyosinyaa.

Alifariki Januari 1795. Naamini data iliyopikwa isingesaidia mtu yeyote baada yake, maana ingefanana na jibu ambalo watu walishalijua.

Najua mtaniambia tunapika kwa sababu maksi ziko kwenye jibu. Ni kweli, na lawama hiyo si ya mwanafunzi peke yake. Basi tuiombe serikali yetu ya wanafunzi ipeleke hoja moja kwa idara: ripoti ya jaribio lililokataa, ikiwa na vipimo halisi na maelezo ya kwa nini lilikataa, ipate maksi kamili. Na sisi wa ualimu tusisubiri. Tukienda mazoezi ya kufundisha, sehemu ya maksi za jaribio tuitoe kwa yule aliyeandika alichokiona.