Ndugu Luca Pacioli, Mfransisko wa Hesabu

Luca Pacioli wa Sansepolcro, Italia, akiwa kijana alifundisha watoto wa mfanyabiashara mmoja wa Venice, akajionea vitabu vya fedha vinavyotunzwa. Baadaye akawa Mfransisko. Mwaka 1494 alichapisha kitabu kikubwa cha hisabati, na humo akaueleza utaratibu huo wa Venice: kila fedha iandikwe mara mbili, ilikotoka na ilikokwenda, jumla zisipolingana, kuna kosa. Hakuuvumbua yeye, wala hakudai hivyo. Wahasibu wangali wanautumia, hata parokiani.

Mwaka 1509 alitoa kitabu kingine, chenye michoro ya Leonardo da Vinci. Humo alitia kazi ya Piero della Francesca, mwenyeji mwenzake, bila kusema ni ya nani. Sisi tunaoandika tasnifu tunaguna: ndiye yuleyule aliyetaka kila senti ionyeshe ilikotoka! Piero alikuwa amekwisha kufa tangu 1492.