Meja wa Mkono Mmoja Katika Korongo Kuu

Chama chetu kilipoanza kupanga ziara ya Hell's Gate kule Naivasha, palizuka ubishi mkali darasani. Wengine walitaka twende moja kwa moja hadi ndani kabisa ya korongo. Wengine wakasema kutazama kutoka juu kunatosha. Na kulikuwa na wale waliotaka kuzunguka kote, juu na chini, kwa siku moja, halafu tuwe shuleni kabla ya chakula cha jioni! Mwalimu mlezi alitusikiliza tu akitabasamu. Tulipochoka kubishana, alinituma nikasome habari za John Wesley Powell, kisha niziandike katika jarida hili. Basi keti kitako nikusimulie.

Powell alizaliwa tarehe 24 Machi 1834 katika kijiji cha Mount Morris, jimbo la New York, Marekani. Baba yake alikuwa mhubiri aliyetoka Uingereza. Jamaa hii iliupinga utumwa waziwazi, na walipohamia Ohio mtoto huyu aliteswa sana kwa ajili hiyo. Wenzake shuleni walimrushia mawe. Ikabidi aondolewe shuleni, akafundishwa na jirani mmoja mzee, George Crookham, ambaye alikuwa na hazina ya vitabu, mawe na mimea. Kumbe ubaya una faida yake! Mzee huyo alimtoa nje, wakawa wanatembea porini na kusoma ardhi kama watu wasomavyo kitabu.

Mazoea hayo hayakumtoka tena. Mwaka 1856, akiwa kijana wa miaka 22, aliingia katika mashua ndogo akashuka Mto Mississippi hadi karibu na bahari. Mwaka uliofuata akaushuka Mto Ohio. Kazi yake ilikuwa ualimu, lakini likizo ikifika tu, humpati nyumbani. Alikuwa akiokota magamba ya konokono na kuyapanga kwa aina zake.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipolipuka mwaka 1861, alijiunga na jeshi la Kaskazini. Mwaka huo huo akamwoa Emma Dean. Tarehe 6 Aprili 1862, katika mapigano ya Shiloh, Powell aliinua mkono wa kulia kuwaashiria askari wake wafyatue mizinga. Risasi ikampata mkononi. Madaktari waliukata mkono huo chini kidogo ya kiwiko, naye Emma akamuuguza. Mtu mwingine angerudi kwao akae kitini maisha yake yote. Powell alirudi vitani! Alitoka jeshini mwaka 1865 akiwa na cheo cha meja, na jina hilo la Meja likamganda mpaka kaburini.

Baada ya vita alifundisha jiolojia katika jimbo la Illinois. Mwaka 1867 na 1868 aliwapeleka wanafunzi na marafiki katika milima ya Rocky. Tarehe 23 Agosti 1868 yeye na wenzake walifika kilele cha Longs Peak, chenye urefu wa zaidi ya mita 4,300. Majira ya baridi yaliyofuata alikaa karibu na watu wa kabila la Ute, akajifunza lugha yao. Huko ndiko alikokata shauri: ataushuka Mto Green na Mto Colorado, apite katika makorongo ya jangwani ambayo kwenye ramani za serikali yalikuwa karatasi tupu. Tuseme kweli lakini, wenyeji hawakuwa na haja ya ramani hiyo. Waute, Wapaiute, Wahopi na Wahavasupai walizijua njia za kwao tangu zamani.

Tarehe 24 Mei 1869 wanaume kumi waliondoka Green River, Wyoming, kwa mashua nne. Tatu zilikuwa za mti wa mwaloni, na ile ndogo, ya msonobari, ilipewa jina la Emma Dean. Walibeba chakula cha miezi kumi. Wapi! Mwezi wa Juni, katika korongo la Lodore, mashua moja ilipasuliwa na miamba, na chakula kingi kikaenda na maji. Mapema mwezi wa Julai mmoja wao, Frank Goodman, alisema yametosha, akawaaga. Wakabaki tisa.

Sasa, msomaji, hapa ndipo ubishi wetu wa darasani unapoingia. Watu wengi hudhani Powell aliijua nchi ile kwa kukaa ndani ya mashua. La, hasha! Ukiwa chini ya korongo unaona maji, ukuta wa mawe na kipande cha mbingu, basi. Ili kujua nchi ilivyo, ilimbidi apande. Karibu kila walipofunga mashua, Meja alitazama magenge akachagua matembezi ya siku ile. Alitafuta korongo dogo la pembeni, akalifuata kwenda juu, akiwa na barometa, yaani chombo cha kupimia kanieneo ya hewa, ambacho kwacho alijua yuko juu kiasi gani. Mara nyingine alifika ukingoni akaona nchi imetandazwa mbele yake. Mara nyingi njia iliishia kwenye ukuta, akarudi alikotoka. Hakuona haya kurudi.

Hata hivyo alikuwa binadamu, naye alikosea. Siku moja alipanda pamoja na George Bradley. Akaruka kidogo, akashika mwamba kwa mkono wake wa kushoto, mara akajikuta amenasa. Mbele haendi, nyuma harudi. Akiuachia mwamba ataanguka, na mkono wa pili wa kumsaidia hana. Amesimama kwa ncha za vidole vya miguu, na miguu imeanza kutetemeka. Bradley alizunguka akafika juu yake, lakini kamba hakuwa nayo wala fimbo. Afanye nini? Akavua suruali yake ndefu ya ndani akaiteremsha! Meja akauachia mwamba, akaidaka suruali, akavutwa juu. Sisi tunacheka leo, lakini wao siku ile hawakucheka. Njia aliyoichagua ilimfaa mtu mwenye mikono miwili. Wewe ukichagua matembezi, usipime nguvu za jirani yako, pima zako.

Jambo la pili lilimfundisha mwezi wa Julai, karibu na mahali Mto Green unapokutana na Mto Colorado. Mashua zilikuwa zinavuja, hivyo Powell akapanda kutafuta utomvu wa misonobari wa kuzibia nyufa. Aliupata, lakini hakuwa na cha kubebea. Akakata mkono wa shati usiokuwa na mkono ndani yake, akaufunga upande mmoja, akaujaza utomvu. Hapo ngurumo zikaanza, mvua ikamwagika juu ya mawe matupu. Jangwani mvua hainywewi na udongo kama kwetu shambani; huteremka yote kwa pamoja. Alipokuwa akishuka katika korongo lile jembamba, akaona mto wa tope jekundu unakuja, mahali ambapo asubuhi palikuwa pakavu. Bahati yake ni kwamba maji ya mbele yalikuwa yakinywewa na mchanga, kwa hiyo yalikwenda polepole kuliko miguu yake. Akakimbia mpaka kambini akawaambia watu wahamishe vitu haraka. Hawakuchelewa.

Mwezi wa Agosti waliingia Korongo Kuu lenyewe, Grand Canyon. Korongo hili lina urefu wa kilomita 446, na kina chake hufika zaidi ya kilomita moja na nusu. Hali ya chakula ilikuwa mbaya mno. Nyama ilikuwa imeoza wakaitupa, unga umeota kuvu, na kilichobaki hasa ni matofaa makavu na kahawa. Tarehe 27 Agosti wakafika kwenye maporomoko yaliyowatia hofu kuliko yote. Jioni ile Oramel Howland akamwendea Meja akamwambia kwamba yeye, mdogo wake Seneca na William Dunn hawataendelea na mto. Watapanda magenge watembee kaskazini mpaka vijiji vya Wamormoni.

Powell hakulala usiku huo. Alipima nyota, akapiga hesabu ya umbali uliobaki, akatembea huku na huku mchangani. Akafikiria kuwa huenda na yeye afuate miguu. Lakini hakujua kama kuna njia ya kufika juu, wala kama huko juu kuna maji. Mto aliujua ubaya wake, na angalau ulikuwa na maji. Akachagua mto.

Asubuhi ya tarehe 28 waliagana. Mpishi aliwaachia wale watatu mikate. Wakapewa bunduki, nakala za kumbukumbu za safari, na barua ya Meja kwa mkewe. Kila upande uliamini kwamba upande wa pili unakwenda kufa. Wale watatu walisimama juu ya mwamba wakaziangalia mashua mbili zikitumbukia katika maporomoko. Zikapita! Waliokuwa majini wakafyatua bunduki kuwaita wenzao, wakangoja kama saa mbili. Hakuna aliyekuja. Siku iliyofuata mashua zilitoka katika Korongo Kuu, na tarehe 30 Agosti, baada ya siku 99, watu sita wakafika mahali Mto Virgin unapoingia Colorado. Oramel, Seneca na Dunn hawakuonekana tena.

Je, walikuwa waoga? Kuna waliosema hivyo. Hata kwenye mnara wa ukumbusho uliojengwa ukingoni mwa korongo, majina yao yaliachwa nje. Mimi siafiki. Aliyekaa mezani ameshiba asimcheke aliyechagua akiwa na njaa. Kosa lao halikuwa woga. Walichagua njia ambayo hapakuwa na mtu wa kuwaonyesha.

Powell mwenyewe alilielewa hilo. Mwaka 1870 alirudi, safari hii akiongozwa na Jacob Hamblin, Mmormoni aliyewajua wenyeji, na Chuarumpeak, kiongozi wa Wapaiute wa Kaibab. Aliketi na Washivwits, kabila lililosemekana kuwaua wenzake. Wakamweleza kwamba watu wao waliwadhania ni wachimba madini waliomdhulumu mwanamke wa kabila jingine. Wanahistoria wanabishana hadi leo kama ndivyo ilivyokuwa. Powell hakulipiza kisasi. Alilala miongoni mwao bila silaha mkononi.

Mwaka 1871 aliushuka mto mara ya pili, akiwa na wapiga picha na wachora ramani. Shemeji yake, Almon Thompson, ndiye aliyesimamia ramani. Mnamo Septemba 1872 walipofika Kanab Creek, katikati ya Korongo Kuu, maji yalikuwa yamejaa kupita kiasi. Sehemu iliyobaki Meja alikwisha kuipita mwaka 1869. Je, aliona aibu? Hata! Aliwatangazia watu wake kwamba safari imekwisha, wakaziacha mashua wakatoka kwa korongo la Kanab. Wote walirudi kwao. Kwangu mimi, uamuzi huo ulihitaji ushujaa kuliko kuyavuka yale maporomoko.

Sisemi kwamba hakuwa na ila. Kitabu alichotoa mwaka 1875 kilichanganya safari zote mbili kama kwamba ni moja, na wenzake wa safari ya pili hakuwataja, jambo lililowauma. Lakini kazi aliifanya. Mwaka 1878 aliiambia serikali kwamba Magharibi ya Marekani haina maji ya kutosha kila shamba. Alisimamia idara ya upimaji wa jiolojia kutoka 1881 hadi 1894. Mwaka 1893 alirudia onyo hilo la maji mbele ya mkutano wa umwagiliaji kule Los Angeles, wakamzomea. Alifariki tarehe 23 Septemba 1902 katika jimbo la Maine, akazikwa Arlington.

Siku hizi maelfu ya watu husafiri kwa gari katika nchi ile, wakisimama hapa na pale kutembea. Maarufu ni njia ya Bright Angel, iliyoitwa kwa jina ambalo Powell alikipa kijito kilichoko chini. Kutoka ukingoni hadi mtoni ni karibu kilomita 13, na unashuka zaidi ya mita 1,300. Walinzi huwaonya wageni wasijaribu kwenda mtoni na kurudi siku moja. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Korongoni ni kinyume: aliyeshuka sharti apande, tena akiwa amechoka, jua la utosi, na chupa ya maji imekwisha.

Hayo si ya Marekani tu. Hell's Gate si jangwa, lakini Aprili 2012, na tena Septemba 2019, mafuriko ya ghafla yaliwaua watu waliokuwa wakitembea ndani ya korongo lake. Mvua inaweza kunyesha mbali, wewe ulipo jua linawaka.

Nilipowasomea wenzangu habari hizi, darasa lilinyamaza. Ubishi ukaisha. Tukakubaliana hivi: tutatembea njia moja tu, asubuhi, pamoja na mwelekezi wa pale pale. Mwendo utakuwa wa yule aliye dhaifu kuliko wote. Theluthi moja ya maji itanyweka tukienda, na theluthi mbili zitangoja kurudi. Walinzi wakisema korongo limefungwa, au wingu jeusi likionekana upande wowote, tutakaa ukingoni tule mandazi yetu, turudi shuleni wote, tukiwa na idadi ile ile tuliyoondoka nayo. Meja angetuelewa.