Pierre Bézier

Pierre Étienne Bézier (Paris, 1 Septemba 1910 – 25 Novemba 1999) alikuwa mhandisi kutoka nchini Ufaransa. Anajulikana hasa kwa mistari iliyopinda inayoitwa kwa jina lake, ambayo ni msingi wa michoro ya vekta kwenye kompyuta: herufi, nembo, na hata wahusika wa katuni za Kijapani (anime).

Maisha

Alizaliwa katika ukoo wa wahandisi. Baba na babu yake walikuwa na kazi hiyohiyo. Alihitimu uhandisi wa mitambo mwaka 1930, akaongeza shahada ya uhandisi wa umeme mwaka uliofuata. Mwaka 1933 aliajiriwa na kampuni ya magari ya Renault, akabaki huko miaka 42. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa mfungwa wa kivita wa Wajerumani. Baada ya vita alisimamia mitambo iliyotengeneza sehemu za gari dogo la 4CV.

Siku zile umbo la gari lilipita mikononi mwa watu wengi. Msanii alichora, mwingine akaukuza mchoro kwa ukubwa kamili, fundi akachonga kielelezo, na kalibu za kukandamizia mabati zikafuata kielelezo hicho. Kila mmoja aliusoma mstari kwa jicho lake, hata gari lililotoka mwisho likatofautiana na mchoro wa kwanza. Bézier alitaka umbo liandikwe kwa namba, ili mchoraji na mashine wasome kitu kimoja. Alianza kazi hiyo mwaka 1960, akiwa na umri ambao wengi huanza kuhesabu miaka ya kustaafu. Matunda yake yalikuwa mfumo wa UNISURF, ulioanza kutumika mwaka 1968.

Mwaka huohuo alianza kufundisha katika chuo cha Conservatoire national des arts et métiers mjini Paris, hadi 1979. Shahada ya uzamivu katika hisabati aliipata mwaka 1977, baada ya kuondoka Renault.

Mistari ya Bézier

Mstari wa kawaida wa aina hii una nukta nne. Ya kwanza na ya mwisho ni ncha za mstari wenyewe. Mbili za kati kwa kawaida haziguswi na mstari, bali huuvuta upande wao kama sumaku. Wachoraji huziita vishikio. Kompyuta hutunza nukta hizo tu, hivyo mchoro ukikuzwa mara mia kingo zake hazichakai kama za picha ya pikseli.

Anayechora uso wa mhusika wa anime hukutana na kanuni hizi mara moja. Shavu lenye nukta kumi na tano huonekana kama limetetemeka. Lenye tatu au nne hutiririka. Mahali mistari miwili inapoungana, vishikio vya pande zote mbili vikiwa kwenye mstari mmoja ulionyooka, muungo hauonekani. Vikivunjika, hutokea kona, ambayo hufaa kwa ncha ya nywele lakini si kwa kidevu. Unene wa wino unaopungua kuelekea ncha hupatikana kwa kuchora kingo mbili na kujaza rangi kati yake.

Suala la jina

Haki inadai kusema kwamba mistari hiyo ingeweza kubeba jina la mtu mwingine. Paul de Casteljau, mwanahisabati wa kampuni ya Citroën, aliigundua mwaka 1959, lakini mwajiri wake aliifanya kuwa siri. Bézier aliifikia kwa njia yake na kuruhusiwa kuchapisha, hivyo dunia ikaijua kwa jina lake. De Casteljau alibaki na jina kwenye kanuni ya kukokotoa nukta za mstari huo, ambayo hutumika hadi leo.

Mwaka 1984 kampuni ya Adobe ilitoa lugha ya PostScript, ambayo huchora herufi kwa mistari ya Bézier. Mwaka uliofuata Bézier alipewa tuzo ya Steven A. Coons nchini Marekani.