Taylor, mtaalamu aliyesoma hesabu ya kutembea kutoka kwa akina mama wa Kenya

KATIKA Chepsaita, karibu na Eldoret, macho ya wageni huwafuata wanariadha wa mbio za nyika. Marehemu Profesa Charles Richard Taylor wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, angewatazama wanariadha hao, lakini pia angemtazama mama apitaye kando akiwa amejitwika maji.

Taylor, aliyezaliwa mwaka 1939, alifika Kenya katika miaka ya 1960. Huko Muguga, nje ya jiji la Nairobi, alichunguza jinsi pofu na choroa wanavyostahimili ukame. Baadaye aliongoza kituo cha utafiti cha Concord cha Harvard, ambako wanyama wa kila aina walikimbizwa juu ya mashine huku oksijeni waliyovuta ikipimwa.

Mwaka 1977, yeye na wenzake Giovanni Cavagna na Norman Heglund walieleza kwamba mtu atembeapo, mwili hupanda na kushuka juu ya mguu kama pendulamu ya saa ya ukutani iliyopinduliwa. Nguvu ya hatua moja huhifadhiwa na kutumika tena katika hatua ifuatayo.

Hata hivyo, ugunduzi uliowashangaza wengi ulitoka Kenya. Mwaka 1986, akishirikiana na Profesa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Taylor alionyesha kuwa wanawake wa Kiluo na Kikikuyu waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu zaidi. Mtu asiyezoea hulipa gharama mara tu abebapo mzigo.

Sababu ilibainishwa na Heglund na wenzake mwaka 1995: wakiwa na mzigo, akina mama hao huitumia pendulamu hiyo vizuri zaidi. Ni kweli kuwa uchunguzi uliofanywa baadaye Afrika Kusini ulionyesha si kila mwanamke aliyezoea kujitwika anao uwezo huo.

Wanariadha nao hawakusahauliwa. Mwaka 1990, Taylor na Rodger Kram walionyesha kuwa nguvu itumikayo katika kukimbia hulingana na uzito wa mwili ukigawanywa kwa muda ambao mguu unagusa ardhi.

Leo hesabu za aina hiyo zimo katika misingi ya roboti za kuvaliwa miguuni. Tatizo lake kubwa ni lile lile la mama mwenye mtungi: kifaa chenyewe ni mzigo, na kikisukuma mguu wakati usiofaa humchosha aliyekivaa. Ilipofika mwaka 2015, watafiti wa Marekani walifaulu kupunguza gharama ya kutembea kwa takriban asilimia 7 kwa kutumia kifaa cha kifundo cha mguu kisicho na mota, chenye springi tu.

Taylor hakuyaona hayo, kwani alifariki mwaka 1995. Lakini kazi waliyoonekana kuifanya akina mama kwa misuli tu, yeye na wenzake waliithibitisha kuwa ustadi unaostahili kufundishwa hata kwa mashine.