Ibnul Haytham: Mwanachuoni wa Nuru Aliyeshindwa na Mto Nile

Mto wetu wa Simiyu humwaga maji yake Ziwa Victoria, na kutoka ziwani maji hushika njia ya Mto Nile mpaka Misri. Kwa hiyo mwanachuoni tunayemweleza mwaka huu si mtu wa mbali nasi. Mto uliompa mtihani mkubwa una maji ya kwetu ndani yake.

Jina lake ni Abu Ali al-Hasan bin al-Haytham, mzaliwa wa Basra, Iraq, takriban mwaka 354 Hijria (965 Miladia). Wanahistoria wanasimulia kuwa alidai Nile yaweza kudhibitiwa, isifurike mwaka mmoja na kupungua mwaka wa pili. Khalifa al-Hakim wa Misri akamwita. Akapanda na mafundi mpaka karibu na Aswan. Njiani akaona majengo makubwa ya watu wa kale, akatambua kuwa lau kazi ile ingewezekana, wao wangekwisha kuifanya. Akarudi Cairo kusema hawezi.

Al-Hakim aliogopwa sana. Aliwaua hata mawaziri wake. Ibnul Haytham akajifanya mwendawazimu, akafungiwa ndani mpaka mtawala yule alipotoweka mwaka 1021. Sisi hatumlaumu kwa hila hiyo. Alikuwa akiokoa roho yake.

Inasemwa kuwa sehemu kubwa ya Kitabul Manadhir, chenye juzuu 7, aliiandika katika miaka hiyo. Wagiriki kama Euclid na Ptolemy walidhani jicho ndilo linalotoa miale ikakigusa kitu. Yeye alibainisha kuwa nuru hutoka kwenye kitu ikaingia jichoni, na hakutosheka kwa maneno. Alipanga taa kadhaa nje ya chumba cha giza chenye tundu dogo: kila taa ikatoa doa lake ukutani, na taa moja ikizibwa, doa lake tu ndilo linalopotea. Alichunguza pia jinsi nuru inavyogonga kioo na kurudi.

Baada ya kuachiwa aliishi karibu na Msikiti wa Al-Azhar akijipatia riziki kwa kunakili vitabu vya hesabu kwa mkono. Alifariki takriban mwaka 1040.

Sasa chukueni zile CD za Qur'an na mawaidha zilizojaa majumbani kabla ya simu. Chini ya maandishi yake mna utando wa alumini, mwembamba kuliko unywele mara mamia, wenye vishimo visivyoonekana kwa macho. Mwale wa leza hugonga utando na kurudi. Penye kishimo hurudi hafifu, pasipo kishimo hurudi kwa nguvu. Mashine huhesabu tofauti hizo na kuzigeuza sauti. CD za kwanza ziliuzwa Japani mwaka 1982.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Swinburne, Australia, walichanganya vijiti vidogo mno vya dhahabu katika tando za plastiki. Kwa kubadilisha rangi ya nuru na mwelekeo wa mtikisiko wake, waliweza kuandika habari kadhaa mahali pamoja bila kufutana.