Maisha ya Masudi, Mjuzi wa Nchi na Bahari

Katika wanavyuoni wa Kiislamu waliojitaabisha kuijua ardhi, milima yake na mito yake, bahari zake na visiwa vyake, ni Abul Hasan Ali bin Husein, mashuhuri kwa jina la Masudi. Jina hili ni la nasaba, kwani yeye ni katika kizazi cha Abdullah bin Masud, sahaba wa Mtume, rehema na amani zimshukie. Alizaliwa Baghdad katika miaka ya mwisho ya karne ya tatu ya Hijra, akafa Fustat katika nchi ya Misri, mwaka wa 345, nao ni mwaka wa 956 wa Miladi.

Baghdad ya zama zake ilijaa vitabu, na wengi walioandika khabari za mito na bahari walikuwa hawajapata kuziona kwa macho. Jahidh wa Basra, bingwa mkubwa wa lugha, alidai kwamba mto wa Sindi ni mmoja na Nile, na hoja yake ni kuwa mito yote miwili ina mamba. Masudi aliikataa hoja hiyo. Alisema kuwa Jahidh hakusafiri baharini wala hakuzijua njia na miji, bali alinakili aliyoyakuta katika vitabu vya wauza karatasi. Na kweli ilikuwa upande wa Masudi, kwani mto wa Sindi chanzo chake ni katika milima ya Tibet, nao hauna shirika na Nile hata kidogo. Mamba huweza kukaa katika mito miwili isiyokutana kabisa.

Kwa ajili hiyo Masudi alifunga safari. Mwaka wa 303, nao ni 915 wa Miladi, alikuwa katika nchi ya Uajemi, kisha akaingia Sindi na Hindi, hata akafika Cambay. Mji huu uko juu ya ghuba ndefu, ambayo maji yake hupwa mpaka mchanga ukaonekana, na katikati yakabaki maji machache. Siku moja alimwona mbwa juu ya mchanga ule. Maji yakaanza kuingia kutoka mdomo wa ghuba, naye mbwa akakimbia kwa nguvu zake zote kutaka nchi kavu. Maji yakamwahi, akafa. Anayekaa pwani hujua kujaa na kupwa tangu utotoni, lakini umbo la ghuba, kwa wembamba wake na urefu wake, huyazidisha maji mbio na kimo.

Safari zake zilimfikisha pia katika bahari ya Zanji, yaani maji ya Afrika Mashariki. Alikwenda pamoja na manahodha wa Oman na Siraf mpaka kisiwa cha Qanbalu, ambacho wengi katika wataalamu hukidhania kuwa ni Pemba, na wengine wana rai nyingine. Aliwakuta huko Waislamu wakikaa, na lugha yao ni ya Kizanji. Mara yake ya mwisho kutoka Qanbalu kurejea Oman ilikuwa mwaka wa 304. Alisema kuwa alipata kupanda bahari nyingi, ya Rum na ya Khazar na ya Qulzum na ya Yemen, wala hakuona iliyo na khatari zaidi kuliko hii. Mawimbi yake aliyafananisha na milima mirefu, na baina yake mabonde yenye kina, nayo huinuka bila ya kuvunjika wala kutoa povu. Wenye chombo alichorejea nacho walikuwa ndugu wawili wa Siraf. Baadaye walighariki katika bahari hiyo hiyo, wao na chombo chao na wote waliokuwamo.

Jambo jingine alilolihakikisha ni la bahari ya Khazar, iitwayo pia Kaspi. Walikuwako waliodai kuwa inaungana na bahari nyingine kwa mlango. Masudi aliipanda kutoka Abaskun kwenda Tabaristan, na kila mfanyabiashara na baharia mwenye akili aliyemkuta alimwuliza. Wote walimjibu kuwa hakuna njia ya chombo kuingia humo ila kwa mto wa Khazar, ambao leo huitwa Volga, na ndio walioupita Warusi walipokuja na majahazi yao kuteka. Basi akaandika kuwa bahari hiyo imezungukwa na nchi kavu pande zote, na ndivyo ilivyo.

Tena aliandika kuwa pahala pa maji na pahala pa ukavu hapadumu katika hali moja. Mito ina ujana na uzee, na mahali palipopita merikebu huweza kuwa jangwa. Alitoa mfano wa Hira, ambayo merikebu za China na Hindi zilipata kuifikia, kisha maji yakaihama. Na katika Baghdad, mto wa Tigris ulizila ardhi za watu wa upande mmoja na kuziongeza upande wa pili, hata wenyewe wakashitakiana katika zama za Khalifa Muqtadir. Akapiga hesabu: mto ukihama sehemu moja katika saba ya maili kwa miaka 30, utahama maili nzima kwa miaka kama 200.

Masudi naye hakusalimika na makosa. Alipokea khabari kuwa tawi la Nile humwagikia bahari ya Zanji, na tawi hilo haliko. Hapo hakufika kwa miguu yake.

Kitabu chake kikubwa, Akhbar al-Zaman, kimepotea. Kilichobaki ni Muruj al-Dhahab, alichokitimiza mara ya kwanza mwaka wa 332, akawa akikitengeneza upya mpaka mwaka wa kufa kwake, na kitabu cha Tanbih, alichokimaliza mwaka huo huo. Mwalimu awafundishaye watoto majina ya rasi na ghuba, visiwa na maziwa, na awatoe nje ya chuo wakaitazame pwani iliyo karibu nao, wawaulize wavuvi na manahodha, kisha ndipo warudi kitabuni. Mwenyezi Mungu amrehemu Masudi, na ainufaishe ilimu yake. Amin.