Salme na mchanga wa Mtoni

Nimekulia Karatu, njiani kabisa mwa wanaokwenda Ngorongoro. Magari ya watalii hayaishi, na ukimuuliza dereva wageni wake wakitoka kreta wanakwenda wapi, jibu ni lile lile: Zanzibar, kupumzika ufukweni. Mimi sikuwa naelewa. Ufukwe ninaoujua ni wa Ziwa Eyasi, kule kwenye chumvi na vumbi, na hakuna anayelala juani pale kwa hiari yake. Nilianza kuelewa niliposoma maisha ya Salme binti Said.

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja, ukingoni mwa bahari. Baba yake alikuwa Sultani Seyyid Said. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria aliyeletwa kutoka nchi ya Wacherkesi. Uani walitembea tausi na swala. Mbele ya jumba kulikuwa na roshani ya mbao, na hapo mzee alikuwa akizunguka huku na huku, akitazama merikebu kwa darubini. Raha hiyo yote, tusijisahaulishe, ilibebwa na watumwa wa mashamba ya karafuu.

Sasa kinachonigusa mimi ninayesomea ualimu. Mabinti wa jumbani walifundishwa kusoma tu, kuandika hapana. Salme akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Hana mwalimu, hana mtihani, hana bumu! Elimu hiyo ndiyo iliyomponza. Mwaka 1859 kaka yake Barghash alipotaka kumpindua Sultani Majid, kaka yao mwingine, binti huyu wa miaka 15 ndiye aliyekuwa mwandishi wa barua za waasi. Uasi ukashindwa.

Baadaye akampenda jirani, mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Akapata mimba. Agosti 1866 akatoroka kwa manowari ya Waingereza hadi Aden, akabatizwa jina la Emily, wakaoana, wakahamia Hamburg. Mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu. Hebu fikiria: hajafika miaka 26, ana watoto watatu wadogo, baridi ile, na lugha ya watu. Akajitafutia riziki, ikiwa ni pamoja na kufundisha Kiarabu, na mwaka 1886 akachapisha kitabu cha maisha yake.

Mwaka 1885 alirudi Unguja. Sultani sasa alikuwa Barghash, yule yule aliyemwandikia barua. Akakataa kabisa kumpokea. Kwa kweli Salme alikuja pamoja na manowari za Wajerumani, na hata mimi ningekuwa Barghash ningeshtuka. Lakini ndugu ni ndugu jamani. Mwaka 1888 akajaribu tena, Barghash akiwa ameshafariki, akaondoka mikono mitupu. Akaishi miaka mingi Beirut, mji mwingine wa pwani, na sidhani kama aliuchagua hivi hivi tu.

Alifariki Jena, Ujerumani, mwaka 1924. Katika vitu vyake wakakuta kifuko cha mchanga wa ufukwe wa Zanzibar. Wakamzika Hamburg katika kaburi la mumewe, na mchanga ule wakamwekea.